Chuma Kisichoogopa Moto: Kutoka Jiko la Koili Hadi Kolwezi

Wiki hii naomba tuiweke siasa ya majukwaani pembeni, tuzungumze habari za chuma. Najua wengine mtaguna. Nami sikusoma uhandisi, na fizikia niliagana nayo kidato cha nne bila machozi. Lakini kazi yangu gazetini hunipeleka mara kwa mara kwenye mikutano ya watu wa madini, na kila nikienda huisikia sentensi ile ile: nchi yetu imejaliwa nikeli. Tunaandika, tunapiga picha, tunakula vitafunwa, tunarudi ofisini. Siku moja nikajiuliza, hii nikeli tuliyojaliwa ni ya nini hasa?

Jibu la haraka ni betri. Jibu jingine, lililo kweli zaidi kwa kipimo cha tani, ni vyuma visivyoshika kutu, yaani sufuria, vijiko na mabomba ya viwandani. Lakini lipo jibu la tatu ambalo halisemwi sana, nalo ndilo lenye historia ya kusisimua. Bila nikeli, ndege aina ya Dreamliner iliyotua Dar es Salaam Julai 2018 isingeruka. Au ingeruka saa chache tu, halafu injini yake ingebidi itupwe. Na historia hiyo, ukiifuata mpaka mwisho, inakuleta nyumbani kwa wasema Kiswahili, kwenye mji wa Kolwezi.

Tuanze na jambo ambalo fundi yeyote analijua. Chuma kikipata moto kinalegea. Ndiyo maana mhunzi anavukuta moto kabla ya kuanza kugonga. Lakini kulegea huko kuna sura nyingine ambayo si rahisi kuiona. Chukua chuma, kitie kwenye joto kali lakini lisilofika la kukiyeyusha, kisha kining'inizie mzigo ambao kinaumudu kabisa. Leo hakivunjiki. Kesho hakivunjiki. Lakini kila saa kinarefuka kidogo, kidogo mno, na baada ya wiki au miezi kinakatika. Wahandisi huita tabia hiyo kripu. Mwaka 1910 kijana mmoja wa London, Edward Andrade, aliyekuwa na miaka ishirini na ushei tu, alichapisha vipimo vyake vya nyaya zilizovutwa na mzigo. Aligundua kwamba waya hurefuka kwa kasi mwanzoni, kisha huingia kwenye mwendo wa polepole usiosimama. Miongoni mwa nyaya alizotumia zilikuwamo za madini ya risasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Sentigredi, hivyo joto la kawaida la chumbani kwake tayari ni joto kali. Jambo ambalo risasi hulifanya mezani, chuma hulifanya tanuruni.

Sasa kumbuka hilo, halafu tutazame watu wawili wa Marekani ambao hawakuwa na habari kabisa na injini za jeti, kwa sababu zilikuwa hazijazaliwa.

Wa kwanza ni Albert Marsh. Mwaka 1906 alipewa hataza ya aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo baadaye ilijulikana kama nikromu. Kama nyumbani kwenu kuna jiko la umeme la koili, au pasi, au hita ya kuchemshia maji, basi mnaishi na kazi ya mikono yake. Waya ule unawaka mwekundu kila siku, unapoa, unawaka tena, na hauungui. Waya wa chuma cha kawaida ungeliwa na hewa ukaisha. Siri ni kromiamu. Ikipata joto na hewa, hutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya waya, na ngozi hiyo huizuia hewa isiingie ndani. Chuma kinajivika koti lake chenyewe.

Wa pili ni Elwood Haynes wa mji wa Kokomo, jimbo la Indiana, mtu ambaye pia alikuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwanzo wa magari nchini mwake. Yeye alichanganya kromiamu na kobalti, akapata aloi ngumu aliyoiita Stellite. Aloi za ukoo huo zilitumika kwenye visu na vifaa vya kukatia vyuma viwandani, na katika miaka ya 1930 aloi moja ya kobalti, Vitallium, ikawa inatumiwa na madaktari wa meno. Naam, meno ya bandia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ya General Electric ilikuwa inahangaika na kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini za ndege za kivita zinazoruka juu sana. Kifaa kile kiliendeshwa na moshi wa moto wa injini, na mapanga yake madogo yalikuwa yanaharibika. Suluhisho walilipata kwa daktari wa meno. Si aloi peke yake waliyoichukua, bali hata namna ya kuiumba: unatengeneza mfano kwa nta, unauzungushia udongo maalumu, unaichoma nta itoke, halafu unamimina chuma mahali palipobaki wazi. Ni ufundi wa kale uliotumiwa na wafua sanamu wa shaba wa Benin karne nyingi nyuma, na leo ndio unaotumika kuumba mapanga ya injini za jeti.

Tukifika hapo, jeti yenyewe inaingia. Frank Whittle alikuwa ofisa kijana wa jeshi la anga la Uingereza alipoomba hataza ya injini yake Januari 1930. Wakubwa hawakuona maana. Mwaka 1935 hataza ile ilikufa kwa kukosa ada ya paundi 5, kwa kuwa yeye hakuwa nazo na wizara haikutaka kuzitoa. Paundi 5, ndugu zangu! Injini yake ya kwanza iliwaka Aprili 12, 1937, na ndege ya kwanza ya Uingereza ya jeti iliruka Mei 15, 1941. Wajerumani walikuwa wamekwisha kumtangulia: ndege ya Heinkel yenye injini ya Hans von Ohain iliruka Agosti 27, 1939, siku chache kabla ya vita kuanza.

Wazo la jeti ni jepesi ukilieleza. Hewa inavutwa, inabanwa, inachomwa pamoja na mafuta, inatoka nyuma kwa kasi. Lakini kabla haijatoka inapita kwenye gurudumu lenye mapanga mengi, tabini, na kulizungusha, na gurudumu hilo ndilo linalokizungusha kile kibanaji cha mbele. Mapanga hayo yanasimama katikati ya moto na wakati huo huo yanazunguka. Katika injini za leo yale ya mbele huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na nguvu ya kuyang'oa ni sawa na kulining'iniza basi zima kwenye panga moja linaloenea kiganjani. Joto kali, mzigo mkubwa, saa nyingi. Mnaona tumerudi kwa Andrade na waya wake.

Whittle alijaribu mapanga ya chuma cha pua cha wakati ule, yakarefuka na kukatika. Jibu la Waingereza lilipatikana Birmingham, kwenye kiwanda cha Wiggin kilichokuwa chini ya kampuni ya Mond Nickel. Wataalamu wake walichukua nikromu ile ile ya jiko la koili, wakaongeza titani na alumini kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakapata Nimonic 80, na injini za Uingereza zikapata mapanga ya kuaminika.

Kwa nini chumvi kidogo ya titani na alumini ilibadilisha mchuzi wote? Wenyewe wakati ule hawakuwa na picha kamili, ila baadaye hadubini na mionzi ya eksirei vilionyesha. Ndani ya aloi zile huzaliwa chembe ndogo mno za nikeli iliyoungana na alumini na titani, zimetapakaa kila mahali. Fikiria nyumba ya udongo. Udongo peke yake unaporomoka, lakini fito zilizopita ndani yake huuzuia usiteleze. Chembe zile ndizo fito. Tena zina tabia ya ajabu. Vyuma vingi hupungua nguvu kadiri joto linavyopanda, lakini chembe hizi huzidi kuwa ngumu mpaka kufikia kiasi cha nyuzi 700 hivi au zaidi kidogo. Yaani ni fito zinazokazika nyumba ikiwaka moto.

Upande wa pili wa vita kulikuwa na hadithi tofauti, na naomba muisome kwa makini kwa sababu ndiyo nusu ya hoja yangu. Wajerumani walikuwa na wahandisi wazuri kuliko pengine wote duniani. Walichokosa ni nikeli. Sehemu kubwa ya nikeli ya dunia ilitoka Canada, kwa adui yao, na wao walitegemea migodi ya Petsamo, kaskazini kabisa ya Finland, ambayo Wasovieti waliiteka Oktoba 1944. Injini yao ya Jumo 004, iliyobeba ndege ya kivita Messerschmitt 262, ikabidi iundwe kwa kubana matumizi. Vyumba vya kuchomea mafuta vilikuwa vya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Mapanga ya tabini yalitengenezwa kwa aloi yenye nikeli kidogo, na baadaye kwa nyingine iliyoweka manganizi mahali pa nikeli. Wakayafanya yawe na uwazi ndani ili hewa ya baridi ipite na kuyapoza.

Ujanja huo wa kupitisha hewa ndani ya panga ulikuwa mzuri kiasi kwamba leo kila injini kubwa ya jeti inautumia. Lakini ujanja haukutosha. Injini ya Jumo 004 ilidumu kati ya saa 10 na 25 za kuruka, kisha ilibidi itolewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwenye ujuzi asiye na madini. Anafika, lakini anafika anachechemea.

Baada ya vita kazi iliendelea kwa miongo. Miaka ya 1950 watu walijifunza kuyeyusha aloi ndani ya ombwe, mahali pasipo na hewa, ili alumini na titani zisiungue kabla ya kufanya kazi yake. Kisha wakagundua kwamba adui mkubwa yuko kwenye mipaka. Chuma cha kawaida ni mkusanyiko wa fuwele nyingi ndogo zilizobanana kama punje za wali uliopoa. Kwenye baridi, mipaka kati ya punje ni msaada. Kwenye moto mkali, punje huteleza zikipishana, na ufa huanzia hapo. Miaka ya 1960 Frank VerSnyder na wenzake wa kampuni ya Pratt & Whitney waliuliza swali ambalo mtoto angeuliza: kama mipaka ndiyo tatizo, kwa nini tusiiondoe?

Kwanza walipoza aloi kutoka chini kwenda juu, taratibu, fuwele zikakua ndefu kama mianzi iliyosimama wima, bila mpaka unaokatiza upana wa panga. Halafu wakaweka chini ya kalibu kijia chembamba kilichojipinda kama skrubu. Fuwele nyingi huingia kijiani zikishindana, moja tu hutoka upande wa pili, na hiyo moja hukua mpaka kulijaza panga lote. Panga zima linakuwa fuwele moja. Mwaka 1982 mapanga ya namna hiyo yalianza kubeba abiria wa kawaida katika injini za JT9D. Leo gesi inayoyapiga mapanga ya mbele ina joto linalozidi nyuzi 1,500, wakati nikeli yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Panga linaishi mahali ambapo lingepaswa kuyeyuka, kwa msaada wa hewa inayopita ndani yake na koti la kauri lililopakwa nje.

Sasa twende Kolwezi.

Kumbukeni kwamba aloi nyingi za aina hii zina kobalti ndani yake, nyingine kidogo, nyingine nusu nzima au zaidi. Na kobalti kwa wingi hutoka Katanga, ambako kwa karibu karne nzima Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi migodini. Mwaka 1978 mkoa ule uliitwa Shaba, nchi iliitwa Zaire, na Zaire ndiyo iliyoongoza duniani kwa kobalti. Mei 13 mwaka huo waasi waliotoka Angola kwa kupitia Zambia waliuteka mji wa Kolwezi. Mei 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa walirushwa pale. Mamia ya watu waliuawa, Wazungu na Waafrika. Sisi Tanzania mwaka 1978 tunaukumbuka kwa Kagera na Idi Amin, na ni haki yetu. Lakini kwenye ofisi za viwanda vya ndege mwaka ule unakumbukwa kwa Kolwezi.

Bei ya kobalti, ambayo ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratili, ilifika dola 25 mwaka 1979, na kwa waliotaka mzigo wa haraka ilizidi hapo. Woga uliipandisha bei kama upungufu wenyewe ulivyoipandisha. Mtu angedhani huo ulikuwa wakati wa Zaire kuvuna. Lakini tazameni kilichotokea.

Wamarekani walifungua makabati yao. Kumbe mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa kampuni ya International Nickel, Herbert Eiselstein, alikuwa amepata hataza ya aloi iitwayo Inconel 718. Ilikuwa na nikeli, kromiamu, chuma na niobiamu. Kobalti haikuhitajika. Ilikuwa imeundwa kwa sababu nyingine kabisa, lakini ilikuwapo, imepimwa na inajulikana. Ikachukua nafasi nyingi zilizokuwa za Waspaloy, aloi yenye kobalti zaidi ya asilimia 13. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la NASA likaanzisha mpango maalumu katika kituo chake cha Lewis, mjini Cleveland. Lilichukua aloi zilizokuwa zikitumika, likazipunguzia kobalti kidogo kidogo na kuzipima nguvu, kripu na uchovu. Matokeo yalionyesha kwamba katika aloi kadhaa kobalti ingeweza kupunguzwa sana bila madhara makubwa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Mchimbaji wa Kolwezi alikuwa na kobalti. Mhandisi wa Cleveland alikuwa na daftari. Kwa muda mfupi mwenye kobalti alionekana ameshika mpini, lakini mwenye daftari akafungua ukurasa mwingine na kuendelea na safari. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Nyama ilikuwa yetu, kisu hakikuwa chetu.

Msinielewe vibaya, siwacheki Wakongo. Serikali ya Kongo Februari 2025 ilisimamisha kusafirisha kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Ni haki yao, na nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia ina sababu ya kutaka kusikilizwa. Lakini huko nje tayari magari mengi ya umeme yanatembea kwa betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti hata chembe. Daftari limefunguliwa tena.

Ndipo tunarudi kwetu. Kabanga iko wilaya ya Ngara, mkoa ule ule wa Kagera. Ardhini kuna nikeli, shaba na kobalti, na imejulikana hivyo tangu miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano yaliyozaa kampuni ya Tembo Nickel, yenye hisa asilimia 16 za serikali, na mpango ulitaja kiwanda cha kusafishia madini huko Kahama badala ya kusafirisha mchanga. Ni hatua ya kweli na tuipongeze. Lakini nikeli iliyosafishwa bado ni nikeli tu. Kutoka hapo hadi panga la injini kuna miaka mia ya madaftari: Andrade na waya wake, Marsh na koili yake, wale wa Birmingham, VerSnyder na kijia chake kilichojipinda. Kila mmoja alianzia kwa kupima, kuandika, na kumwachia anayefuata.

Sitegemei Tanzania iumbe panga la jeti miaka mitano ijayo, na atakayewaahidi hivyo jukwaani anawadanganya. Ninachouliza ni kidogo zaidi. Kabla nikeli ya Ngara haijaisha, ni vijana wangapi wetu watakuwa wamefundishwa kuipima, kuiyeyusha, kuichanganya na kuivunja maabara ili wajue kwa nini imevunjika? Mikataba inataja tani, mrabaha na hisa. Je, inataja maabara? Inataja nafasi za masomo? Swali hilo halihitaji shahada ya uhandisi, hata sisi waandishi tunaweza kuliuliza, na mkutano ujao wa watu wa madini nitanyoosha mkono niulize kabla ya vitafunwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliusema msemo huu kwa ajili ya maduka, lakini unafaa hata kwa migodi. Walioko Ngara, Kahama, Lubumbashi na kwingineko, mnalionaje? Uwanja ni wenu.